Motokari ikivuta upande mmoja, uliza kwanza: inavuta wakati gani?



Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu likelemba, mama mmoja wa Katuba alinivuta pembeni akaniomba niandike juu ya jambo ambalo si la jikoni wala la karo ya masomo. Motokari yao ndogo inapeleka watoto watano masomoni kila asubuhi, watatu wake na wawili wa jirani. Motokari hiyo inavuta upande wa kuume. Shofere akilegeza mikono kwenye volani, inaelekea yenyewe kwenye mfereji. Waliipeleka garaji, fundi akasema, “Mama, ni paralelizimu.” Wakalipa. Siku mbili hazikupita, mambo yakawa yaleyale. Wakarudi, wakalipa mara ya pili. Bado inavuta. “Mwalimu,” akaniambia, “mara ya tatu nitalipa kitu gani? Na watoto wangu wamo ndani.”

Swali hilo si lake peke yake. Kati yetu wako wanaoendesha wenyewe, wako wenye shofere, wako walioachiwa teksi na marehemu bwana zao, na wako waliochanga fedha na wenzao wakanunua Hiace ya kundi. Wengi wetu hatukufundishwa lolote juu ya motokari. Tukifika garaji tunasema neno moja tu, “inavuta,” na fundi anajichagulia jibu. Leo nataka tuongeze maneno machache juu ya hilo moja.

Mtoto akiwa na homa, muuguzi mzuri hakuandikii dawa kwa neno “homa” peke yake. Atakuuliza: inakuja usiku au mchana? Ilianza lini? Anatapika? Motokari nayo ni hivyo. “Inavuta” ni alama ya magonjwa mengi, na kinachoyatenganisha ni wakati. Inavuta wakati wote, au ukikanyaga freni tu? Inavuta tangu asubuhi, au baada ya kwenda mbali? Inavuta kwenye barabara zote, au kwenye moja tu? Ilianza baada ya kuingia kwenye shimo, au baada ya kubadilisha mpira? Ukiwa na majibu ya maswali haya, nusu ya kazi ya fundi umekwisha kuifanya.

Kwa nini tusingoje

Motokari inayokwenda kilomita 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kwa sekunde moja. Ikikengeuka digrii 2 tu, jicho halioni kitu, lakini kwa kila sekunde imeshahama zaidi ya nusu mita kwenda kando. Hesabu sekunde 3, ule muda wa mama kugeuka nyuma kumkataza mtoto asimpige mdogo wake: motokari imehama karibu mita 1 na sentimita 75. Hiyo inatosha kuingia mbele ya lori, au juu ya watu wanaotembea kando ya barabara.

Hapa Lubumbashi kuna jambo lingine. Motokari nyingi tunazonunua zilitumika kwanza Japani, zikateremshwa bandarini Dar es Salaam, na volani yao iko upande wa kuume. Sisi Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara. Kwa hiyo shofere anakaa karibu na mfereji, mbali na mstari wa katikati. Motokari kama hiyo ikivuta kushoto, inaelekea kwa wale wanaokuja, na shofere ni mtu wa mwisho kuona imevuka kiasi gani. Volani ikiwa kuume na motokari ikavuta kushoto, usingoje mwisho wa mwezi.

Kwanza: labda ni barabara

Tuanze na sababu isiyoombwa fedha hata moja. Barabara ya lami haijengwi tambarare kama meza. Katikati inainuliwa kidogo na kando zinashuka, mara nyingi kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita, ili maji ya mvua yateremke kwenye mifereji. Kwa kuwa tunatembea kuume, motokari yoyote nzima itateleza polepole kuelekea kuume ukilegeza volani. Hilo si ugonjwa.

Wamama wanaofanya biashara Kasumbalesa wanaweza kulipima wenyewe. Ukivuka mpaka kuingia Zambia, unahamia upande wa kushoto wa barabara, na mteremko sasa uko kushoto. Motokari iliyokuwa inateleza kidogo kuume upande wetu, na sasa inateleza kidogo kushoto kuelekea Chililabombwe, ni nzima: inafuata barabara tu. Lakini ile inayovuta kuume huku na kuume kule, ugonjwa uko ndani yake.

Kuna tena mifereji inayochimbwa na magurudumu ya malori ya madini. Uzito ule, juu ya lami iliyolainishwa na jua, unaikandamiza lami mpaka inafanya mabonde mawili marefu. Gurudumu la motokari ndogo likiingia humo linafuata bonde, na volani inavutwa mkononi kana kwamba mtu mwingine ameishika. Ukiona hivyo barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa peke yake, na ndani ya mji hakuna kitu, usikimbilie garaji.

Mzigo nao uangaliwe. Mifuko ya unga na ya makala ikipangwa upande mmoja, motokari inalala upande huo na kuvuta. Toa mzigo wote, iweke motokari pahali tambarare, simama hatua kumi nyuma yake na utazame. Ikiwa bado imelala upande mmoja wakati ni tupu, huenda ressori imevunjika au imechoka, na hiyo ni kazi ya fundi.

Jaribio la kweli lifanyike bila watoto, pahali palipo sawa, palipo wazi na bila watu, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Shofere asiachie volani. Alegeze vidole kwa sekunde moja au mbili, mikono ikibaki palepale, halafu aseme: imeenda upande gani, na kwa nguvu gani? Warudi kutoka upande wa pili, wajaribu tena. Mama anaandika.

Pili: mipira ya magurudumu

Hapa ndipo matatizo mengi yanapoanzia, na hapa ndipo mama asiyejua kuendesha anaweza kufanya kazi yote.

Anza na hewa. Mpira wa mbele wenye hewa kidogo unavuta motokari kwenda upande wake. Fungua mlango wa shofere, tazama kwenye chuma cha mlango: kuna karatasi iliyobandikwa yenye namba za hewa. Kwa motokari nyingi ndogo ni kati ya bari 2 na 2.5. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, maana mpira uliotembea unapata moto na hewa yake inapanda, na namba inakudanganya. Mpira wa kushoto na wa kuume kwenye mstari mmoja lazima viwe na namba moja. Usikubali kupimiwa kwa kupiga teke.

Halafu tazama mipira yenyewe. Tunanunua sana ya okazioni, na mwenye kuuza anakupa ule alionao. Soma namba zilizoandikwa ubavuni, kwa mfano 185/65 R15. Mipira miwili ya mbele iwe na namba moja, na ikiwezekana jina moja la kiwanda na uchakavu mmoja. Ukiweka mpira mpya kushoto na wa zamani ulioisha kuume, umeivalisha motokari kiatu cha kisigino mguu mmoja na kandambili mguu wa pili.

Ubavuni kuna tena namba 4 zinazosimama pamoja mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT. Hizo ni tarehe ya kuzaliwa kwa mpira. Ukisoma 2318, maana yake ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2018. Mpira unaweza kung’aa kwa rangi nyeusi sokoni na bado ukawa mzee kuliko mtoto wako wa darasa la sita.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Mpira unaweza kuwa na hewa sawa, namba sawa, na bado ukavuta, kwa sababu nyuzi za chuma zilizo ndani yake zimekaa vibaya. Chukua kikombe ambacho mdomo ni mpana na kitako ni chembamba, ukilaze mezani, kisukume. Hakiendi mbele, kinazunguka kuelekea kwenye kitako. Mpira wenye ugonjwa huo unafanya vilevile: jicho linauona ni duara, lakini njiani unatembea kama kikombe. Hakuna paralelizimu itakayouponya.

Dawa ya kuujua ni rahisi. Mwombe fundi ahamishe mpira wa mbele wa kushoto uende kuume, na wa kuume uende kushoto. Jaribuni tena. Ikiwa motokari iliyokuwa inavuta kuume sasa inavuta kushoto, mmeukamata mwizi: ni mpira. Ikiendelea kuvuta upande uleule, mipira haina hatia, tafuteni pengine. Ikiwa ubavuni pamechorwa mshale wa kuonyesha mzunguko, msibadilishe kushoto na kuume. Badilisheni wa mbele na wa nyuma wa upande uleule, muone kama kuvuta kunaisha.

Na pitisha macho, halafu kiganja, juu ya ubavu wa kila mpira, wa ndani na wa nje, motokari ikiwa imesimama na imezimwa. Ukiona uvimbe kama jipu, nyuzi za ndani zimekatika. Mpira huo hautembei tena, hata kufika kanisani.

Tatu: freni

Hapa ndipo wakati unaongea kwa sauti kubwa kuliko pote.

Ikiwa motokari inakwenda sawa, halafu ukikanyaga freni inaruka upande mmoja, freni za mbele hazishiki sawa. Sikilizeni vizuri, maana hapa wengi wanapotea: motokari inakwenda upande unaoshika zaidi. Ikivuta kuume, freni ya kuume inafanya kazi, na mgonjwa anaweza kuwa wa kushoto, aliyekwama, au aliyepakwa mafuta, au ambaye maji ya freni hayamfikii. Fundi akifungua kuume tu kwa sababu inavuta kuume, atakuta mambo ni mazuri na atakuambia hakuna kitu. Mwombe afungue pande zote mbili. Na plaketi zikibadilishwa, zibadilishwe kushoto na kuume pamoja. Kubadilisha upande mmoja ni kununua tatizo.

Ugonjwa wa pili wa freni unajificha zaidi. Freni inashika, lakini haiachi. Unaondoa mguu, na plaketi ya gurudumu moja inaendelea kukwaruza diski. Mwanzoni ni kidogo. Motokari ikitembea, gurudumu linapata moto, chuma kinavimba, freni inabana zaidi, na motokari inavuta upande wa gurudumu hilo. Ikilala usiku inapoa, na asubuhi unadhani imepona.

Nilimuuliza mama wa Katuba maswali ya mwanzo wa barua hii. Inavuta wakati gani? Akafikiri, kisha akasema, “Asubuhi tukitoka nyumbani si sana. Tukikaribia mjini ndipo shofere anaanza kulalamika.” Mafuta je? “Yanaisha upesi kuliko zamani.” Kuna harufu? “Watoto wanasema gari linanuka kama chuma cha kupigia pasi.” Wamama, jibu lilikuwa limekaa nyumbani kwao siku zote. Watoto walilisema, shofere alilisema, lakini garaji hakuna aliyeuliza “wakati gani,” na wao hawakujua kwamba ni jambo la kusema.

Jumamosi walifanya jaribio. Walitembea kilomita kumi hivi wakikanyaga freni kidogo iwezekanavyo, wakasimama, wakakaribisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Tatu zilikuwa na uvuguvugu. La mbele la kuume lilitoa moto kama mbabula. Janti yake ilikuwa nyeusi kwa unga wa plaketi kuliko zote. Walikwenda kwa fundi mwingine, akainua gurudumu na kiriki, akajaribu kulizungusha kwa mkono, likagoma. Ndani ya etrie, kile chuma kinachokumbatia diski, misumari ambayo etrie inatelezea juu yake ilikuwa imekauka na kushika kutu. Alisafisha, akapaka grisi inayofaa, akaweka plaketi mpya pande mbili. Motokari ikaacha kuvuta. Paralelizimu mbili za kwanza hazikuwa na kazi yoyote hapo.

Na wangengoja? Gurudumu likichemka sana, maji ya freni yanachemka nayo. Maji yaliyochemka yanafanya mvuke, na mvuke unabanwa kama sponji. Shofere anakanyaga, mguu unazama mpaka chini, motokari haisimami. Watoto watano.

Mjue tena kwamba kuna kipira kinachopinda, kinachopeleka maji ya freni kwenye gurudumu. Kikizeeka kinaweza kuvimba kwa ndani wakati nje kinaonekana kizima. Kinaruhusu maji kuingia yakisukumwa kwa nguvu, lakini kinachelewa kuyarudisha, na freni inabaki imebana. Ikiwa etrie imesafishwa na bado freni haiachi, mwambie fundi akitazame hicho. Na maji ya freni yenyewe yanakunywa unyevu wa hewa, hasa katika miezi yetu ya mvua, kuanzia Novemba mpaka Machi. Yabadilishwe kila miaka 2 hivi, hata kama hayajapungua.

Nne: paralelizimu, na kile isichoweza

Sasa tufike kwenye neno linalouzwa kuliko yote.

Simama wima, tazama miguu yako. Ikielekea mbele sawasawa, hiyo ni paralelizimu. Ukielekeza vidole vya miguu ndani, au ukivielekeza nje, paralelizimu imeharibika. Hilo ndilo fundi analolipima na kulirekebisha, na ni kazi ya muhimu. Ikiharibika, utaona alama mbili. Volani inakaa upande wakati motokari inakwenda moja kwa moja, kama kofia iliyovaliwa vibaya. Na mipira inaliwa ukingo mmoja, wa ndani au wa nje, upesi sana.

Lakini kuvuta kwa nguvu upande mmoja, paralelizimu peke yake kwa kawaida hailetwi nayo, kwa sababu magurudumu mawili ya mbele yameunganishwa na yanagawana kosa. Kinacholeta kuvuta ni mambo mawili mengine. La kwanza ni gurudumu kulala, juu yake ikienda nje au ndani, kama mguu wa meza uliopinda. Gurudumu lililolala nje linavuta upande wake, kama baiskeli inavyogeuka upande inaolalia. La pili ni mlalo wa kwenda nyuma, mfano wa uma wa mbele wa baiskeli, ule unaoifanya baiskeli ijinyooshe yenyewe. Upande mmoja ukisukumwa na shimo kubwa, ukapoteza mlalo huo, motokari inavuta upande huo.

Haya mawili, kwenye motokari nyingi ndogo, hayana skrubu ya kurekebisha kwa urahisi. Yakiwa mabaya, maana yake kuna chuma kilichopinda au kilichoisha, na lazima kitafutwe. Mtu anayepima kwa kamba anaweza kupima paralelizimu vizuri tu, lakini kamba haitamwonyesha hayo mengine. Mashine inayaonyesha. Kwa hiyo ukilipia mashine, omba karatasi yenye namba za kabla na za baada. Ni haki yako kama unavyodai karatasi ya matokeo ya maabara hospitalini. Ukiona namba za upande mmoja ziko mbali na za upande wa pili, uliza ni chuma gani kimesababisha.

Na kumbuka utaratibu: mipira kwanza, freni na vyuma vilivyolegea baadaye, paralelizimu mwisho. Kurekebisha paralelizimu juu ya chuma kilicholegea ni kama kunyoosha pazia kwenye dirisha linaloyumba.

Tano: ikiwa inatangatanga

Kuna motokari ambayo haivuti upande mmoja. Leo kuume, kesho kushoto, na shofere anarekebisha volani bila kupumzika. Ukiongeza mwendo inakwenda huku, ukiondoa mguu inakwenda kule. Ukipita kwenye mashimo unasikia “ko, ko, ko” chini ya miguu. Hizo ni alama za vyuma vilivyolegea: rotile, yaani vifundo vinavyounganisha gurudumu na mikono yake, au silambloku, zile raba zinazokaa kati ya chuma na chuma. Barabara zetu za mitaa zinazila upesi.

Hii ndiyo sababu ya kuogopa kuliko zote. Rotile iliyoisha inaweza kuchomoka, na gurudumu likalala chini likiwa njiani. Fundi ainue motokari na kuitegemeza vizuri, si kwa kiriki peke yake. Ashike gurudumu juu na chini alitikise, kisha kushoto na kuume alitikise tena, na mama awe amesimama pale akitazama. Gurudumu zima halichezi. Likicheza, mwache akuonyeshe kwa kidole ni kipande gani.

Namna ya kusema na fundi

Usiende na jibu, nenda na ulichoona. Mfano:

“Papa, motokari inavuta kuume. Asubuhi ni kidogo, ikienda mbali ni nyingi. Tumepima hewa, bari 2.2 pande zote. Tumebadilisha mipira ya mbele, haikuhama. Gurudumu la mbele la kuume lina moto kuliko mengine. Naomba uliinue ulizungushe, nami nione.”

Fundi mwema atafurahi, maana umemwokolea saa nzima. Yule aliyetaka kukuuzia paralelizimu ya tatu atajua kwamba leo haiwezekani. Hakuna haja ya kugombana. Kipande cha zamani kikitolewa, kiombe, kipeleke nyumbani ndani ya sasheti.

Na namna ya kusema na shofere

Wamama wenye teksi, hapa naomba mnisikilize. Mara nyingi shofere anajua motokari inavuta, na ananyamaza. Mikono yake imezoea kuipinga, mpaka hajui tena kama anaipinga. Na kuna sababu ya fedha: siku ya garaji ni siku bila abiria, lakini jioni unamdai kiasi kilekile. Ukimdai fedha ya siku aliyokaa garaji, umemfundisha kuficha. Mwambie wazi: “Papa, siku ya kutengeneza freni, sitakuomba kitu.” Siku hiyo moja ni nafuu kuliko karatasi za polisi wa rulaji, kuliko hospitali, na kuliko kilio.

Kazi ya nyumbani

Katika mkutano ujao wa kila kundi, kateni kipande hiki mkiweke ndani ya motokari. Kila mama mwenye motokari, au anayepandisha watoto kwenye motokari ya mwenzake, ajibu maswali haya kwa maandishi:

1. Hewa ya mipira minne asubuhi: bari ngapi kila mmoja?
2. Namba za ubavuni na tarehe ya kila mpira ni zipi? Kuna uvimbe?
3. Inavuta barabara zote, au moja tu?
4. Inavuta wakati wote, au ukikanyaga freni, au baada ya kwenda mbali?
5. Ilianza baada ya nini?
6. Baada ya safari, kuna gurudumu lenye moto au harufu?
7. Kuna sauti kwenye mashimo?

Na motokari isimame palepale, watoto washuke, ikiwa: imeanza kuvuta ghafla njiani, kuna harufu ya kuungua na gurudumu lenye moto, freni inazama chini, mpira una uvimbe, au volani inatikisika baada ya kubadilisha gurudumu, kwa kuwa huenda buloni hazikukazwa.

Wenye Hiace ya kundi, chagueni wamama wawili wa kupima hewa kila Jumatatu asubuhi na kuandika katika daftari. Mkiwa na maswali, yaandikeni kwenye karatasi mumpe mwandishi wa kundi lenu, nami nitayajibu hapa. Juma lijalo, kwa kuwa mvua zimekaribia, tutaongea juu ya taa za motokari na vifuta-maji vya kioo.

Mbaki na amani.